Simu Kumi na Moja, Alama Moja

Kijiwe cha Mnarani, Tabata, kina mabenchi mawili yaliyopigwa misumari kutokana na mbao za kreti, kivuli cha bati kinachochungulia kutoka duka la simu la Hatim, na mnara wa mtandao uliosimama nyuma ya ukuta kama mpangaji asiyesalimia watu. Jumamosi, jua likishalegea kidogo, Suleiman hutua dele lake la kahawa katikati ya mabenchi, akavisuuza vikombe kwenye ndoo, akatandaza kashata juu ya gazeti, na kuanzia hapo hakuna jambo la mbinguni wala la ardhini lisilo na mwenye kulijua. Watu wa Mnarani hawana neno "nadhani". Walikuwa nalo zamani, likakosa kazi, likahama.

Jumamosi hiyo Felicitas alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi la pili, kompyuta mpakato juu ya mapaja, akimalizia ripoti. Alikuwa mwalimu wa kompyuta wa sekondari, mwanamke wa shahada mbili na uvumilivu nusu, na kijiwe kizima kilimwita Madamu. Miezi minne nyuma alijiunga na jumuiya ya watafiti wa mtandaoni, watu wa miji mbalimbali wanaochunguza namna blokcheni zinavyojengwa, bila chuo nyuma yao wala ofisi, kila kikundi na mtaa wake. Kikundi chake kilikuwa Mnarani. Ripoti ya kwanza ilirudishwa na mstari mmoja: haina ushahidi wa kutosha. Ya pili ilitakiwa ifike kabla ya saa kumi na moja jioni ile. Vikundi sita tu ndivyo vingeendelea na hatua inayofuata, na Felicitas alishajiona wa sita, kama si wa tatu. Saa ilikuwa tisa na nusu.

Jambo lenyewe alikuwa amewaeleza mara nyingi kiasi kwamba hata Suleiman angeweza kulifundisha. Blokcheni ni daftari linaloshikwa na maelfu ya watu wasiojuana, kila mtu na nakala yake, na kila ukurasa ukijaa hupigwa muhuri unaoushona na ukurasa uliotangulia. Anayetaka kulibeba lote sharti awe na kompyuta ya maana na intaneti isiyokatika. Mwenye simu ya kawaida humuuliza mwenye kompyuta, akaambiwa, akaamini, akalala. Sasa wapo wanaotengeneza kijiprogramu kinachofunguka ndani ya kivinjari, palepale mtu anaposomea habari za mpira: hakibebi daftari, kinabeba mihuri tu, kikaikagua chenyewe ndani ya simu bila kumuuliza bwana mkubwa yeyote. Felicitas alijaribu kukiita mteja mwepesi, kama walivyokiita wenzake wa mtandaoni, lakini kijiweni mteja ni anayenunua, na mwepesi ni anayeshikashika bidhaa akaondoka. Wakakubaliana kukiita mkaguzi mwepesi. Utafiti wake ulikuwa swali moja: je, mwenye simu ya bei rahisi, hapahapa Tabata, anaweza kujithibitishia mwenyewe kilichomo daftarini bila kumwamini mtu?

Majibu yalikuwa matamu. Watu kumi na mmoja, simu kumi na moja, siku tatu. Wote walifanikiwa. Na safu moja ya jedwali ilimpendeza kuliko zote, akaipaka rangi ya kijani: safu ya alama ya kuanzia, ule mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu ambao mkaguzi hupewa mwanzoni ili ajue aanze kukagua ukurasa upi. Alama zote kumi na moja zilifanana, herufi kwa herufi.

— Zote! alisema, akawageuzia kioo. Angalieni wenyewe. Inaanza na saba, inaishia na tisa, hakuna hata moja iliyopotea njia.

— Mimi nilijua, alisema Mzee Bunge.

Mzee Bunge aliandikwa Elibariki kwenye cheti cha ubatizo, mtu wa Upareni, karani mstaafu wa serikali. Hakuwahi kugombea hata ujumbe wa nyumba kumi, lakini alizungumza kama mtu anayerekodiwa, na jina likamkaa.

— Ulijua nini, mzee? aliuliza Felicitas.

— Kwamba zitafanana. Mimi nimekuwa karani miaka thelathini na moja, Madamu. Ukiona watu kumi na mmoja wameandika kitu kilekile, hiyo inaitwa nidhamu. Waswahili wanasema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo inahusiana vipi na simu?

— Inahusiana. Tulia, utaiona.

Hatim alitoa kichwa dirishani mwa duka lake. Familia yake ya Kibohora ilikuwa na duka la vyuma mjini tangu enzi za babu, lakini yeye aliona vyuma vizito, akaja Tabata kuuza kava na kuchajisha simu za mtaa mzima. Kijiwe kilimwita Chaji.

— Nidhamu siyo, mzee wangu, alisema. Ishu ni umeme. Zile simu zote nimezichaji mie, kwenye ekstensheni moja, ile nyeupe. Simu ikishiba umeme safi, inafikiri vizuri. Ukichaji huko vichochoroni, simu inapata umeme wenye mawazo.

— Umeme wenye mawazo! Badru alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Braza Hatim, acha zako. Mie nawaambia kila siku, nyie hamsikii. Ni ule mnara.

Badru alikuwa dereva wa bodaboda, lakini abiria walikuwa wanamsumbua, maana walikatiza mazungumzo. Waliomwita Setelaiti hawakumkosea.

— Mnara umefanya nini? aliuliza Suleiman, ambaye simu yake ilikuwa kiswaswadu kisicho na kivinjari wala matatizo, na kwa hiyo hakuhesabiwa katika utafiti.

— Mzee Sule, ule siyo mnara. Ule ni kichwa. Simu zote za hapa zinaongea nao usiku na mchana. Yako ikijua kitu, mnara umejua. Mnara ukijua, yangu imejua. Unadhani kwa nini nikimfikiria demu wa Ukonga, baada ya dakika tano naletewa tangazo la viatu vya kike?

— Kwa sababu ulimtafutia viatu, alisema Felicitas.

— Nilimtafutia kichwani, Madamu! Kichwani!

— Setelaiti anakaribia, alisema Mzee Bunge, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine, ishara kwamba hotuba imewiva. Lakini hajafika. Mnara umewekwa juzi. Kwa nini uliwekwa hapa? Kwa nini usiwekwe Segerea? Kwa nini usiwekwe Kimara? Ni kwa sababu waliopima walikuta ardhi ya hapa ina kitu.

— Kitu gani?

— Chuma.

— Shaba, alisahihisha Badru kwa haraka, kama mtu aliyekuwa anaogopa kupitwa. Ni nyaya. Mjerumani alizika nyaya za shaba kutoka hapa mpaka Pugu. Babu yangu alizikanyaga.

— Alizikanyaga zimezikwa?

— Alikuwa na miguu mizito.

— Kwa hiyo Mjerumani alikuwa na blokcheni? aliuliza Hatim, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli.

— Alikuwa nayo, alisema Mzee Bunge bila kupepesa. Sema aliiita jina lingine. Mjerumani alikuwa akiandika kila kitu, akapiga muhuri, akakifungia. Tofauti ni brauza tu. Ndiyo maana wahenga wakasema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Felicitas aliuma kashata ili asijibu. Alikuwa amejiwekea kanuni tangu aanze kukaa Mnarani: upumbavu usiogusa jedwali, unapita. Mtu akisema Mjerumani, pita. Mtu akisema umeme una mawazo, pita. Lakini kwa kuwa siku ilikuwa nzuri na safu ilikuwa ya kijani, alijiruhusu kidogo.

— Hakuna nyaya, hakuna mnara, alisema. Zimefanana kwa sababu maelekezo yalikuwa wazi na nyie mliyafuata. Basi. Kazi ikipangwa vizuri, majibu yanakuwa safi.

Hiyo nayo ilikuwa nadharia ya kijiweni kama zile nyingine, ila ilivaa miwani, ikapishwa.

— Sasa umeona! Mzee Bunge alipiga paja. Nidhamu! Si nimesema?

— Na umeme, alisema Hatim.

— Hebu nipeni kahawa, ilisema sauti nyuma yao. Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Mzee Bunge. Karibu benchi.

Aliyefika alikuwa mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, sado tupu la plastiki mkononi, lile kopo la rangi ambalo Dar es Salaam nzima hupimia nyanya, viazi na maharage. Jina lake Mauwa. Alikuwa amefungua genge ng'ambo ya barabara siku chache tu zilizopita, baada ya kuuza nyanya miaka mingi soko la Tandale, na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa Mnarani. Alimpa Hatim simu ya kuchaji, akapokea kikombe, akakaa karibu na Felicitas kwa kuwa ndiye mwanamke mwenzake pekee.

— Mnagombania nini? Nawasikia kutoka kule.

— Hatugombani, sista, alisema Badru. Tunasherehekea. Simu zetu kumi na moja zimetoa alama moja, bila hata moja kukosea. Utafiti wa kimataifa, huo. Tunaingia sita bora.

— Hongereni. Alama ya nini?

Felicitas alimweleza. Alieleza kwa ufupi na kwa furaha: daftari, mihuri, mkaguzi mwepesi ndani ya kivinjari, alama inayomwonesha pa kuanzia. Mauwa alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyezoea kuuziwa matenga ya nyanya nzuri juu na mbovu chini, yaani bila kutikisa kichwa.

— Kwa hiyo hiyo alama ni kama sado, alisema hatimaye. Bila sado huwezi kuanza kupima.

— Hapo umepatia kabisa.

— Kule Tandale tukikuta masado kumi na moja yanajaa sawasawa, hatusherehekei. Tunauliza yamepita kwa fundi gani. Kuna fundi anapasha moto kitako, anakisukuma ndani. Ukipima kwa sado lake, ukahakiki kwa sado lake lingine, yanakubaliana vizuri mno. Anayelalamika ni mnunuzi peke yake. Mauwa akanywa kahawa, akaweka kikombe chini. Sasa hiyo alama, kila mtu aliitoa wapi?

Benchi zima likaangalia viatu vyake.

— Maelekezo yanasema, Felicitas alijibu kwa niaba yao, na wala hakuwa na wasiwasi bado. Hatua ya kwanza: kila mtu aichukue mwenyewe, siku anayojaribu, kutoka tovuti moja kati ya tatu nilizoandika. Sehemu tatu za watu tofauti, wasioweza kula njama. Na kila mmoja ameweka tiki kwenye fomu: nimeichukua mwenyewe. Siku anayo...

Siku anayojaribu. Alama hutolewa mpya kila siku, tena si mara moja. Hilo aliliandika yeye mwenyewe, ukurasa wa pili, kwa wino mzito. Watu walijaribu Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Alama ilikuwa moja.

Safu ya kijani ikaanza kumtazama.

— Mzee Bunge, ulijaribu lini?

— Jumatano jioni.

— Badru?

— Jana asubuhi, kabla sijaenda Tandale kuchukua mzigo.

— Alama ya Jumatano na ya jana haziwezi kufanana, Badru. Haiwezekani. Labda mmoja kampa mwenzake. Hatim, yako uliitoa wapi?

— Mie? Kanitumia Badru. Kwenye kundi.

— Wee! Badru aliruka. Mie nilitumiwa na Mzee Bunge! Tena kaandika chini yake, "fanyeni hima".

— "Fanyeni hima" mimi naandikaga kwenye kila kitu, alisema Mzee Bunge. Hata rambirambi. Mimi nilipewa na Hatim. Nilikuja kuchukua simu kwenye chaji, nikaikuta.

— Uliikuta vipi?

— Niliikuta ipo.

— Na wale wengine nane?

— Wale niliwasaidia, alisema Hatim, akionekana mdogo dirishani mwake. Walileta simu, wana haraka, mama wa saluni ana kichwa cha mtu mkononi. Nikawawekea. Lakini ile niliyowawekea ni ileile ya kundini, Madamu, wallahi sikubuni.

Felicitas alinyoosha mkono, Badru akampa simu. Kundi la Mnarani lilikuwa jeupe kama sahani iliyorambwa. Badru mwenyewe ndiye aliyeliweka lijifute kila baada ya saa ishirini na nne, tangu video za Mzee Bunge za ufugaji wa sungura zilipojaza simu za watu. Kilichokuwemo kilikuwa cha leo asubuhi: sungura mmoja, akila kabichi. Chini yake, fanyeni hima.

— Kwa hiyo, alisema taratibu, kwa sauti ambayo Kidato cha Pili walikuwa wanaijua na kuiogopa. Kijiwe kizima kimefanya utafiti wa kutomwamini mtu, kwa kutumiana.

— Usiseme kijiwe kizima, alisema Suleiman. Mie sina brauza.

— Madamu, hasira hasara, alisema Mzee Bunge, na mara hii methali ilikuwa karibu na mahali pake, jambo lililomshangaza hata yeye. Mimi nilifungua ile sehemu yako ya kwanza. Kwa moyo mmoja. Ikaniuliza kama mimi si roboti. Nikavumilia. Ikaniambia nichague picha zenye bomba la zimamoto. Nina miaka sitini na saba, nimekaa Tabata nusu ya umri wangu. Nioneshe bomba la zimamoto Tabata hii! Nilichagua kitu chekundu, ikakataa. Nikachagua tena, ikanionesha ngazi.

— Ungeniambia.

— Ningekwambia mimi nimeshindwa kuthibitisha kwamba ni mtu?

— Lakini uliweka tiki, mzee. "Nimeichukua mwenyewe."

— Si niliichukua mwenyewe? Niliichukua mwenyewe, kwa Hatim.

— Mie bando lilikuwa linakatakata, alisema Badru. Halafu nikasema, Mzee Bunge ni mtu mzima, hawezi kututumia uchafu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

— Na mie nikasema, Hatim alidakia, kama Badru kaileta, basi Madamu ndiye kampa.

Felicitas aliinua uso. Hilo ndilo lililomchoma. Katika mzunguko wao wote, mwishoni kabisa walikuwa wamemsimamisha yeye, bila kumuuliza.

Aliifungua ile ya kwanza kati ya sehemu tatu, kwa mtandao wake mwenyewe. Akachagua mabomba ya zimamoto. Akafungua ya pili, na ya tatu. Kijiwe kilimsogelea, Badru akimpumulia sikioni, Hatim akining'inia dirishani nusu mwili. Alirudi nyuma mpaka kwenye kumbukumbu za Jumatano, akalinganisha herufi moja baada ya nyingine, kidole kikifuata kioo kama mtoto anayejifunza kusoma. Iliwachukua robo saa.

— Ni ya kweli, alisema. Ya Jumatano alfajiri. Sehemu zote tatu zinayo.

Shangwe iliyolipuka ilimfanya mpita njia asimame. Badru alimkumbatia Suleiman, dele likayumba.

— Hoja imepita! Mzee Bunge alikuwa amesimama. Waliosema ndiyo wameshinda! Si mnaona? Penye wengi hapaharibiki neno! Sasa tuma, Madamu. Alama ya kweli, simu kumi na moja, tuma.

— Ni ya kweli, Felicitas alirudia. Ila nimeikagua mie, sasa hivi. Nyie mliikuta ipo.

— Kwani shida iko wapi? Ukweli si ukweli?

— Ingekuwa ya uongo, mngejuaje?

— Simu zingekataa, alisema Badru. Si ndiyo kazi ya mkaguzi?

— Zisingekataa. Mkaguzi anaanzia pale mlipomwonesha. Mkimwonesha daftari la tapeli, atalikagua hilohilo la tapeli, muhuri kwa muhuri, kwa bidii zote, halafu awaambie safi. Simu kumi na moja zote zingesema safi. Zingekubaliana vizuri mno.

— Kama masado, alisema Suleiman.

— Kama masado.

Mauwa alikwisha kunyanyuka. Mnunuzi alikuwa anapiga hodi gengeni kwake. Alisema kahawa ilikuwa nzuri, akachukua kopo lake, akavuka barabara.

Saa kumi na dakika ishirini. Felicitas aliitazama ripoti. Fomu ya jumuiya ilikuwa na mstari mmoja uliobeba kila kitu: idadi ya waliojithibitishia wenyewe bila kumwamini mtu. Mbele yake alikuwa ameandika kumi na mmoja. Kuutetea mstari ule hakukuhitaji hata uongo mkubwa. Tiki zipo. Alama ni ya kweli. Tarehe zingeweza kusogezwa zote zikalala Jumatano, na huko ziendako hakuna anayemjua mama wa saluni. Ripoti ya kwanza ilirudi kwa kukosa ushahidi. Hii ya pili ilikuwa na ushahidi wa kutosha kuwalisha watu.

Darasani, wanafunzi kumi na mmoja wakileta jibu lilelile, neno kwa neno, angewaita mbele ndani ya dakika mbili, na angejisifia jicho lake. Hapa alikuwa amekaa na majibu kumi na moja siku nzima, akayapaka rangi. Tofauti ilikuwa kwamba jibu hili alikuwa analitaka.

Alifuta kumi na mmoja. Akaandika sifuri.

— Umeandika nini? Mzee Bunge alikuwa ameinama juu ya bega lake.

— Sifuri.

— Sifuri ya nani?

— Ya wote. Na chini yake naeleza: mkaguzi mwepesi anafanya kazi vizuri kwenye simu za bei rahisi, zote kumi na moja. Kinachoshinda ni hatua ya kwanza. Watu wakiona mlango mgumu, wanapitishana dirishani, na hakuna anayekumbuka nani alitangulia. Wanaotengeneza mkaguzi watengeneze na mlango.

— Hivyo vikundi sita...

— Huenda tusiwemo.

Badru alishika kichwa. Hatim alirudisha mwili dukani, halafu akautoa tena.

— Andika kwamba nilikuwa na wateja, alisema.

— Nimeandika.

— Na bomba la zimamoto? aliuliza Mzee Bunge.

— Lina aya nzima.

Mzee Bunge alikaa. Kwa mara ya kwanza alasiri ile alikunywa kahawa bila kuitumia kama kituo cha hotuba. Alikuwa amekwisha kumpigia mkwewe Same kumweleza kwamba jina lake linakwenda kusomwa na wataalamu wa dunia, na mkwe, asiyemheshimu sana, alikuwa amemwomba arudie.

— Jina langu linabaki humo? aliuliza.

— Ukipenda.

— Kwenye sifuri?

— Kwenye sifuri, mzee. Ndiyo matokeo.

Alifikiri. Akavunja kashata.

— Serikalini niliona taarifa nyingi, alisema. Zote zilikuwa asilimia mia. Sijawahi kuona ya sifuri yenye majina. Andika. Elibariki, halafu jina la baba, na yote kwa herufi kubwa.

— Na mie! alisema Badru. Badru, siyo Setelaiti.

Felicitas aliandika. Vidole vyake vilikwenda haraka sasa, kama mtu aliyeshushiwa gunia mgongoni akagundua bado anajua kukimbia. Safu ya kijani aliirudisha kuwa nyeupe. Aya ya bomba la zimamoto ilitoka nzuri kuliko alivyotarajia. Ilipofika sehemu ya mwisho, shukrani kwa waliosahihisha kazi, aliandika "Mauwa" akasimama.

— Yule mama wa nyanya anaitwa Mauwa nani?

— Mauwa Shabani, alisema Badru papo hapo.

— Shabani, ndiyo, Hatim aliafiki.

— Ni Shabani, alisema Mzee Bunge. Watu wa Tandale, hao. Nawajua vizuri.

Felicitas aliandika S. Kidole kikabaki hewani. Aliwatazama mmoja mmoja, nyuso tatu zenye uhakika kamili, zimekubaliana herufi kwa herufi. Saa ilikuwa kumi na dakika hamsini na moja. Alifuta S, akakumbatia kompyuta ikiwa wazi vilevile, akavuka barabara.

Mauwa alikuwa anapanga mafungu ya nyanya.

— Dada, samahani, alisema Felicitas. Nakuandika kwenye ripoti. Jina lako la pili nani?

— Kondo. Mauwa Kondo.

— Siyo Shabani?

Mauwa alinyoosha mgongo, nyanya moja mkononi, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye benchi.

— Nani kawaambia Shabani? aliuliza kwa sauti ya kuwafikia.

Badru alimtazama Hatim. Hatim alimtazama Mzee Bunge. Mzee Bunge alimtazama Badru, akafungua kinywa, akakifunga, akamnyooshea Suleiman kikombe kitupu.